Kibuyu cha Bibi Si Uchawi



Leo sina mapishi wala mishono ya madera. Nina hasira, na hasira yenyewe imeanza na boga, kwa hivyo naombeni mnivumilie.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba mie ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Mwanza. Huu mwaka wa tisa naamka naangalia ziwa badala ya bahari, na majabali badala ya minazi. Mume wangu ni Msukuma, na mama yake anaishi kijijini, upande wa Magu. Namwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Ni mwanamke wa swala tano, wa kufunga Jumatatu na Alkhamisi, na mikono yake haijui kukaa bure.

Mwezi wa kumi mwaka jana binti yangu wa miaka saba alirudi skuli na karatasi ya maelekezo. Mzazi anunue manila ya rangi ya chungwa, manila nyeusi, gundi na uzi wa sufi. Kazi ya mikono ya "msimu wa mapukutiko". Nikanunua. Ijumaa akaja na boga lake la karatasi: macho ya pembetatu, mdomo wenye meno yaliyochongoka, na pembeni majani mekundu na ya manjano yanayoanguka kutoka mti usiojulikana. Akalibandika kwenye friji. Nikalipiga picha, nikawatumia shangazi zake Unguja, wote wakajibu mashaallah. Sijitoi humo. Na mie niliandika mashaallah.

Jumapili yake akaja Mayu, kwa daladala, amepakata kibuyu cha maziwa ya mgando njia nzima ili kisitikisike. Alikaa mkekani, akatoa kizibo, akamimina kwenye kata, akamwita mjukuu wake. Mtoto akarudi nyuma mpaka mlangoni. Akasema, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Sitaki, Bibi. Kibuyu ni cha wachawi."

Mayu hakujibu. Aliyarudisha maziwa ndani ya kibuyu polepole, akakifunga, akakisogeza ukutani. Usiku ule alikunywa chai ya rangi. Asubuhi aliondoka nacho, kimejaa vilevile kama alivyokuja nacho.

Friji ilikuwa hatua tatu kutoka pale alipokaa.

Sasa nambieni, dada zangu, tumefikaje hapa? Boga la karatasi lenye sura ya kutisha tunalibandika jikoni kwa mashaallah, na kibuyu cha mwanamke mcha Mungu kinarudishwa kijijini kama kitu cha najisi. Nilimkalisha mtoto nikamuuliza kayatoa wapi maneno yale. Kayatoa pande mbili. Kwanza filamu zetu, ambazo kila mganga lazima awe na kaniki, shanga na kibuyu. Pili, na hili liliniuma zaidi, kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye nia njema kabisa, anayewaambia watoto wakitoka chuoni kwamba kibuyu ndani ya nyumba hufukuza malaika. Huyu mama simtaji, na wala si yeye peke yake. Nimeyasikia maneno hayohayo Unguja, nimeyasikia Tanga, na nina hakika katika mnaosoma hapa wapo wanaotikisa kichwa kunikubalia yeye na si mie.

Basi nianze na boga la karatasi, maana hilo ni jepesi.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta. Hakuna mapukutiko hapa. Jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, na mwembe wangu una majani Januari na una majani Oktoba. Misimu yetu ni ya mvua: masika, halafu kiangazi, halafu vuli. Na hili neno vuli limenipa kichekesho cha uchungu, maana vitabu vingi vya watoto vinalitumia kwa ule msimu wa Ulaya wa majani kuanguka. Mtoto wa Mwanza anafundishwa kwamba vuli ni wakati wa miti kukauka, ilhali nje ya dirisha la darasa vuli ndiyo inanyesha, na bibi yake yuko shambani anafukia mbegu. Ametolewa neno lake mdomoni akapewa la mtu mwingine.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza siwalaumu. Kwao Oktoba ni mavuno, maboga yamejaa mpaka yanamwagika, na watoto wanacheza na kile kilichopo. Ndivyo watoto wanavyotakiwa kucheza. Ile ada ya kuchonga sura ilianza Ireland, kwa figili nene na viazi, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wahamiaji wa Ireland walipofika Marekani katika karne ya 19 wakakuta boga ni kubwa na laini kuchonga. Ada ya watu, ina historia yake. Majirani zangu Wakatoliki hapa Mwanza wanaisali hiyo Watakatifu Wote kila tarehe 1 Novemba na sijaona hata siku moja boga lenye meno mlangoni kwao. Sisi tuliolileta, tumelileta kutoka kwenye simu. Na nyinyi dada zangu mlioko London na Toronto, kwenu msimu huo ni wa kweli, boga liko sokoni kwa bei ya chini. Nunueni boga lenyewe, lipikeni la nazi, watoto wachezee mbegu. Ninachokataa ni mwanangu kukata karatasi ya chungwa mwezi ambao alistahili kuwa na udongo kwenye kucha.

Sasa kibuyu. Hapa ndipo penye kazi.

Kwanza tuelewane, maana kwetu visiwani ukisema buyu mtu anafikiria ubuyu wa kulamba. Sizungumzii tunda la mbuyu. Nazungumzia kile kinachotambaa chini na kupanda uani kama boga, ndugu yake mung'unye tunaokata kwenye mchuzi. Ukichanga huliwa, ukikomaa ganda hugeuka gumu kama ubao, nacho ndicho kibuyu. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika hii hii. Boga la chungwa, lile la kwenye friji, asili yake ni bara la Amerika, na halikufika kwetu wala Arabuni mpaka wazungu walipoanza kuvuka bahari ile baada ya 1492.

Mnaona ninakokwenda? Sote tumesikia kisa cha Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, kimo katika Bukhari na Muslim. Fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wenye nyama iliyokaushwa na dubbaa. Anas akamwona Mtume akizitafuta zile dubbaa pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile na yeye akazipenda. Mawaidha mengi yanalitafsiri neno hilo "boga", na si vibaya kwa kuelewesha. Lakini boga la chungwa halikuwepo Madina. Iliyokuwepo ni jamii ya mung'unye, jamii ya kibuyu cha Mayu. Na tukirudi nyuma zaidi, kwenye Surat As-Saffat aya ya 146, Nabii Yunus alipotemwa na samaki ufukweni akiwa mgonjwa, Mola wake alimuoteshea yaqtin, nao wafasiri wengi wanausema ni mmea huohuo wenye majani mapana. Mmea uliomfunika Nabii kwa kivuli, uliopendwa na Mtume kwenye sahani, mwanangu anauogopa. Ila meno ya karatasi hayaogopi.

Najua kuna aliyesoma zaidi yangu atakayenijibu kwamba vyombo vya dubbaa vilikatazwa. Kweli. Ujumbe wa Abdul-Qays ulipokuja, Mtume aliwakataza kuloweka vinywaji katika vyombo kadhaa, na kimojawapo ni hicho. Sababu ni kwamba ndani ya vyombo vile kinywaji cha tende kilikuwa kinageuka ulevi upesi, na watu walikuwa wametoka tu kwenye pombe. Kisha katika Muslim kuna hadithi ya Buraida ambayo ruhusa ilirudi: nyweni katika chombo chochote, ila msinywe kinacholevya. Kwa hiyo hata pale kilipokatazwa, tatizo halikuwa kibuyu. Na wala uchawi haukutajwa.

"Lakini waganga wanakitumia." Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Haya. Huku Kanda ya Ziwa waganga wanatumia pia kuku mweusi, yai, kioo, asali na kitambaa chekundu. Sijaona mtu anayerudisha kuku. Hakuna aliyeniambia nitupe kioo cha kabatini. Kibuyu chenye dawa ya kumdhuru mtu au ya kupigia ramli ni haramu, na hakina mjadala, kama ilivyo haramu ramli ya kwenye sahani ya kauri. Kibuyu chenye maziwa ni kibuyu chenye maziwa. Wakenya wametuzidi hapa. Wakalenjin hufukiza vibuyu vyao kwa mkaa wa miti maalumu wakaweka humo maziwa wanayoyaita mursik, na wanariadha wao wakirudi na medali za dunia hunyweshwa kutoka humo mbele ya kamera. Sijasikia mtu anauliza kama wale wamelogwa.

Lakini ningekuwa nagombea chombo tu nisingekaa usiku huu kuandika. Kuna jambo ambalo dada zangu wa visiwani huenda hamlijui vizuri, na mie pia sikulijua kabla ya kuolewa huku.

Kule kwetu neno mchawi tunalirusha kwenye ugomvi wa mabomba, halafu jioni tunakopeshana chumvi. Huku neno hilo lina damu. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho yaliyopikia kwa kuni na mavi ya ng'ombe yaliyokauka miaka hamsini yatakosaje kuwa mekundu? Watu wenye ualbino nao wamewindwa, kwa imani zilizouzwa na wapiga ramli, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku. Sheria ya Uchawi tuliyoachiwa na Waingereza ni ya 1928, na moja ya mambo inayokataza ni kumtaja mtu kuwa mchawi. Kumtaja tu.

Sasa rudini sebuleni kwangu. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, macho mekundu kwa moshi, anaishi peke yake kijijini, na mjukuu wake anamwambia mbele ya watu kwamba chombo chake ni cha wachawi. Mtoto hakujua alichosema. Mayu alijua. Ndiyo maana alinyamaza, na ndiyo maana alikibeba kibuyu chake akaondoka nacho, hakutaka kionekane kwangu baada ya yeye kuondoka. Nilielewa hayo wiki mbili baadaye, mume wangu aliponieleza kwamba shangazi yake Mayu mwenyewe aliuawa hivyo. Sikuwa nimeambiwa kabla.

Surat Al-Hujurat aya ya 12 inatukataza dhana nyingi kwa sababu baadhi ya dhana ni dhambi. Anayewaambia watoto kwamba kibuyu ni uchawi anadhani analinda tauhidi yao. Anachowafundisha ni kumwangalia bibi mzee kwa jicho la shaka, katika mkoa ambao jicho la shaka limeua. Bora wangefundishwa Ayatul Kursi wakalala salama, na vibuyu vyote vya dunia vikiwa ukutani.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hii tunaimwaga kwenye kila harusi, tukimwambia bi harusi awapende ndugu wa mume. Nilisomewa na mie, na kungwi wangu, nikiwa nimejifunika ushungi mpya. Nikafika Mwanza nikampenda mume, nikawapenda mashemeji, nikampenda Mayu kwa heshima na adabu zote, na vyombo vyake nikaviweka uani. Naam. Mwaka wa kwanza aliniletea vibuyu viwili na kata, navyo vikakaa stoo nyuma ya gunia la mchele kwa sababu havikufanana na seti yangu ya vyombo niliyotoka nayo Darajani. Mtoto hakuanza kuogopa vibuyu filamuni. Alianza kwa kuona mama yake anavificha.

Mwezi wa saba mwaka huu skuli zilipofungwa nilichukua watoto wote wawili tukaenda Magu. Sikupeleka manila. Nilimwambia Mayu, "Tufundishe." Hakuomba maelezo. Na haya ndiyo tuliyofanya, nayaandika kwa kirefu kwa sababu kila mwaka ikifika Oktoba mnaniuliza kazi rahisi za boga za kufanya na watoto.

Kibuyu huchumwa kikiwa kimekufa kwenye mti, kikonyo kimekauka na kugeuka kahawia. Ukichuma kibichi kitanywea na kuoza. Kisha kinaning'inizwa kivulini penye upepo, wiki nyingi, kingine hata miezi. Ganda litaota ukungu mweusi na mtoto atakuja mbio kukwambia kimeharibika. Hakijaharibika, ndivyo kinavyokauka. Siku ukikitikisa na mbegu zikalia ndani, kiko tayari. Vile tulivyotumia sisi vilikuwa vya mavuno yaliyotangulia.

Kulifuta ganda ni kazi ya watoto, na wanaipenda kwa sababu ni ya maji. Kiloweke, kisuguliwe kwa dodoki mpaka ngozi ya juu itoke. Mkikwangua kikavu vumbi lake linawasha koo, kwa hiyo lowesheni kwanza, na mwenye pumu akae mbali. Kukata mdomo ni kazi ya mtu mzima, kwa msumeno mdogo. Baada ya hapo jaza maji, acha siku tatu nne nyama ya ndani ioze, mwaga, tia vijiwe vidogo na maji, kisha mpe mtoto atikise. Wangu walitikisa wakiimba mpaka kuku wa Mayu wakahama kiambo. Rudia mpaka maji yatoke meupe na yasiyo na uchungu. Na hapa nisisitize: mung'unye au kibuyu kichanga ambacho ukikionja ni kichungu usikipike kabisa, uchungu ule ni sumu na huumiza tumbo vibaya.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kata. Kibuyu kidogo chenye shingo ndefu kinapasuliwa kwa urefu, unapata kata mbili, mtoto anasugua kingo kwa msasa. Binti yangu alimaliza ya kwake mchana mmoja. Mdogo wake wa miaka minne alipewa kibuyu kidogo kama ngumi, hakikutobolewa, kina mbegu zake ndani, kikawa njuga ya kuchezea. Njiani kurudi Mwanza nilijuta kidogo.

Kwa mapambo Mayu hutumia msumari uliowekwa motoni, anachora mistari na nukta, na hilo watoto waliangalia kwa mbali. Mie nilichangia kitu cha kwetu. Nilikuwa na hina kwenye mkoba, nikawakorogea watoto wachore kwenye ganda maua yaleyale ya mikononi mwa bi harusi. Tuliiacha ikauke usiku kucha, ikaacha rangi ya kahawia ya kufifia, nzuri. Mayu aligeuza kile kibuyu mara nyingi akacheka, akasema kimeolewa Unguja. Hina ya kawaida tu lakini, si piko. Piko iwekeni mbali na ngozi za watoto, na zenu pia mkinisikiliza.

Kilichonishangaza zaidi ni kushona. Kimoja kilipasuka mtoto alipokiangusha, akaanza kulia. Mayu akatoboa vitundu kando ya ufa pande zote mbili kwa msumari wa moto, akapitisha uzi wa katani msalaba msalaba kama anashona kanga, akavuta. Ufa ukafunga. Kile kibuyu sasa kinahifadhi choroko, na ni kizuri kuliko kabla hakijapasuka. Nimekaa na nyuzi na sindano maisha yangu yote, nimedarizi kofia za viua kwa mikono hii, na haikunipitia akilini kwamba chombo kilichovunjika kinaweza kushonwa. Hapa mjini tuna mtaa wa Makoroboi, uliopata jina lake kwa mafundi waliotengeneza vitaa vya mafuta kutoka makopo yaliyotupwa. Leo tunapita pale kununua vitu vya plastiki.

Wasio na vibuyu msikae bure. Futari ya boga la nazi mnaipika. Zile mbegu mnazozitupa zioshwe, zianikwe kwenye ungo siku mbili, zitobolewe kwa sindano kabla hazijakauka kabisa, zichemshwe kidogo na bizari ya manjano au choya kupata rangi, na mtoto atunge ushanga. Wadogo wa chini ya miaka mitatu wasiachiwe, watazimeza. Na kama mna boga au kibuyu kinachokua uani, mfanye mtoto aandike jina lake kwa mwiba juu ya tunda likiwa bado changa, kwa wepesi, ngozi ya juu tu. Tunda likikua jina linakua nalo, linageuka kovu lililoinuka.

Wanaojiandaa kuolewa nina neno moja kwenu kuhusu ile orodha ya vyombo. Najua ina blenda, hotpoti za saizi tatu na mapazia. Sawa. Ukiolewa mbali, mwombe mama mkwe chombo kimoja cha mkono wake, kibuyu, chungu, ungo, kile wanachotumia watu wa huko, halafu kiweke sebuleni, mahali ambapo atakiona akija. Msisubiri miaka tisa kama mie. Kwa watu wa Mwanza na watakaopita, pale Bujora, Kisesa, kuna Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada. Wapelekeni watoto wakaone vyombo vya mababu zao. Ingawa nasema ukweli, ilinikera kwamba mgeni aliona thamani ya kuhifadhi kitu ambacho mie nilikuwa nacho nyuma ya gunia la mchele.

Mwezi huu karatasi ya skuli imekuja tena, na manila ileile ya chungwa. Sikugombana na mtu. Nilimwandikia mwalimu kwa heshima kwamba binti yangu ataleta kazi yake mwenyewe ya msimu wetu, na akaenda na kata yake pamoja na mbegu tano ndani ya bahasha. Mwalimu, Allah amjaze kheri, amezipanda mbele ya darasa.

Nasi tumepanda zetu nyuma ya jiko mvua za vuli zilipoanza, maboga upande mmoja na vibuyu upande wa pili. Vimeshaanza kupanda ua wa jirani. Jana ameniuliza kama anaweza kuchuma majani apike. Nimemwambia ya boga achume atakavyo, ya kibuyu sina hakika. Mayu anakuja Ijumaa na maziwa, nitamuuliza.